Kinyago cha Masizi: Maisha na Kazi ya Bert Williams katika Jukwaa na Sinema Bubu

Ikisiri

Makala haya yanachunguza maisha na kazi ya Bert Williams (1874–1922), mwigizaji na mchekeshaji mweusi aliyetamba katika majukwaa ya Marekani kwa takriban miaka thelathini na aliyeacha pia kazi chache za sinema bubu. Hoja kuu ni kwamba masizi aliyojipaka usoni yalikuwa sharti alilowekewa na soko la burudani la wakati wake, lakini aliyageuza kuwa chombo cha kujenga mhusika mwenye utu. Hoja hiyo inathibitishwa zaidi na picha za filamu ya mwaka 1913 ambayo haikumalizwa. Ndani yake Williams anaonekana akiwa na kinyago na pia katika vipindi vya mapumziko baina ya mapigo ya kamera. Makala yanafuata maisha yake tangu Nassau hadi New York, kisha yanalinganisha uigizaji wake wa jukwaani na ule wa kwenye filamu.

1.0 Utangulizi

Historia ya sinema bubu huelezwa mara nyingi kwa kuwataja waigizaji wachache ambao filamu zao zilienea duniani. Wapo hata hivyo wasanii ambao umaarufu wao ulijengwa jukwaani, na ambao kamera iliwapata kwa muda mfupi tu. Bert Williams ni mmoja wao. Katika miongo miwili ya kwanza ya karne ya 20 alikuwa miongoni mwa wachekeshaji waliolipwa vizuri zaidi Marekani, sauti yake iliuzwa kwa wingi katika sahani za santuri, na jina lake lilitosha kuujaza ukumbi. Pamoja na hayo yote, hadhira ya wakati wake ilizoea kumwona akiwa amepakwa masizi usoni.

Suala la masizi ndilo linaloifanya kazi ya Williams iwe ngumu kuhukumiwa. Kwa mtazamo mmoja, msanii mweusi anayejipaka weusi wa bandia ili achekwe na watu weupe anashiriki katika kuwadunisha watu wake. Kwa mtazamo wa pili, msanii huyo aliingia kwa mlango pekee uliokuwa wazi, na baada ya kuingia akaipanua nyumba. Makala haya yanaonyesha kwamba hakuna mtazamo kati ya hiyo miwili unaojitosheleza. Ili kumwelewa Williams ni lazima kutazama jinsi alivyokitumia kinyago chenyewe: kwa mwendo gani, kwa uso upi, na mbele ya nani.

2.0 Chimbuko na Miaka ya Mwanzo

Egbert Austin Williams alizaliwa tarehe 12 Novemba 1874 mjini Nassau, Bahamas. Angali mtoto, familia yake ilihamia Marekani, kwanza Florida na baadaye Riverside, California. Kijana huyo alikuwa mrefu, mwenye rangi ya maji ya kunde na mwenye usemi wa kisomi. Lahaja ambayo hadhira za Marekani zilitarajia kuisikia kutoka kwa mchekeshaji mweusi haikuwa yake. Yeye mwenyewe alieleza baadaye kwamba alilazimika kujifunza lahaja hiyo kama mtu anavyojifunza lugha ya kigeni. Jambo hili ni muhimu katika uchambuzi wa kazi yake, kwa sababu linaonyesha kwamba mhusika aliyemwigiza hakuwa yeye. Alimtazama kwa mbali, akamsoma, kisha akamjenga.

Mwaka 1893, mjini San Francisco, Williams alikutana na George Walker, kijana kutoka Lawrence, Kansas. Waliungana kuwa jozi ya waimbaji na wachekeshaji. Mwaka uliofuata yalifanyika mjini humo maonyesho makubwa ya majira ya baridi, na mojawapo ya vivutio vyake lilikuwa kijiji cha watu wa Dahomey, nchi ambayo leo ni sehemu ya Benin. Wadahomey walichelewa kufika, na vijana weusi wa mjini, wakiwemo Williams na Walker, waliajiriwa kujifanya Wadahomey mbele ya watazamaji. Wadahomey wenyewe walipowasili, vijana hao wawili walipata nafasi ya kuwatazama. Walker aliandika baadaye kwamba kuwaona Waafrika hao kuliwatia hamu ya kuitumia Afrika katika michezo yao. Hivyo kazi yao ya kwanza kuhusu Afrika ilikuwa udanganyifu walioajiriwa kuufanya, na kutokana na udanganyifu huo likazuka wazo lililowapeleka Broadway.

3.0 Jozi ya Williams na Walker

3.1 Mapokeo ya Kujipaka Masizi

Tangu miaka ya 1830, waigizaji weupe wa Marekani walikuwa wakijipaka masizi ya kizibo kilichochomwa, wakichora midomo mikubwa, na kuigiza watu weusi kama wavivu, wezi na wajinga. Aina hiyo ya maonyesho, iliyojulikana kama minstreli, ilikuwa burudani iliyopendwa mno nchini humo katika karne ya 19. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kumalizika mwaka 1865, wasanii weusi nao waliingia katika maonyesho hayo, lakini walitakiwa kufuata mtindo uliokwisha kuwekwa. Mtu mweusi alilazimika kuigiza picha ambayo mtu mweupe alikuwa ameichora juu yake.

Williams na Walker waliikuta hali hiyo na kuijibu kwa kejeli ya kibiashara. Walijitangaza kwa neno la dharau ambalo watu weupe waliwaitia watu weusi, wakaongeza kwamba wao ndio wawili halisi. Tangazo hilo lilikubali tusi, na papo hapo likawaumbua waigizaji weupe kuwa waigaji tu. Mwaka 1896 jozi hiyo ilifika New York na kujipatia sifa katika kumbi za vodevili, hasa kwa ngoma ya keki, ngoma ya Wamarekani weusi ambamo jozi iliyocheza kwa madaha kuliko nyingine ilizawadiwa keki.

Mwanzoni Walker ndiye aliyekuwa mchekeshaji, na Williams alikuwa mwimbaji makini. Baadaye walibadilishana nafasi. Walker akawa mtanashati mjanja mwenye suti za gharama, na Williams akawa mtu mzito wa mwendo, mwenye nguo zisizomkaa, ambaye kila balaa humwangukia. Kwa maelezo yake mwenyewe, Williams alijipaka masizi kwa mara ya kwanza mjini Detroit, karibu kwa mzaha, na akashangaa kuona hadhira ikimpokea kwa shangwe. Alieleza kwamba kipaji chake cha kuchekesha kilikomaa pale alipoweza kujitazama kana kwamba ni mtu mwingine.

3.2 Broadway na London

Tarehe 18 Februari 1903, tamthilia ya muziki iitwayo In Dahomey ilifunguliwa katika ukumbi wa New York Theatre. Muziki ulitungwa na Will Marion Cook, maneno ya nyimbo yakaandikwa na mshairi Paul Laurence Dunbar pamoja na wengine, na hadithi ikaandikwa na Jesse A. Shipp. Hiyo ilikuwa tamthilia ya muziki ya kwanza iliyokamilika, iliyoandikwa na kuigizwa na watu weusi, kupanda katika ukumbi mkubwa wa Broadway. Hata hivyo, watazamaji weusi katika ukumbi huohuo walitengewa viti vya juu. Wasanii weusi waliruhusiwa kusimama katikati ya jukwaa huku ndugu zao wakizuiwa kukaa mbele yake.

Mwezi Mei mwaka huohuo kundi lilivuka bahari na kuanza kuigiza katika ukumbi wa Shaftesbury, London, ambako liliendelea hadi Desemba. Tarehe 23 Juni 1903 liliitwa kuigiza katika kasri ya Buckingham. Nyumbani heshima ya namna hiyo haikuwepo. Miaka mitatu tu kabla, katika ghasia za kibaguzi za Agosti 1900 mjini New York, Walker alikuwa ameshambuliwa na kupigwa na kundi la watu weupe. Umaarufu wa jukwaani ulikoma mlangoni mwa ukumbi.

Tamthilia ya Abyssinia ilifuata mwaka 1906, na Bandanna Land mwaka 1908. Katika Abyssinia kulikuwa na onyesho ambalo linafaa kuzingatiwa. Mhusika wa Williams anashtakiwa kwa wizi katika nchi ambayo mwizi hukatwa mkono, naye anasubiri mlio utakaotangaza hukumu yake. Uzito wa onyesho haukuwa katika maneno. Ulikuwa katika uso na mikono ya mtu anayehesabu milio huku akiutazama mkono wake. Hapo tayari alikuwa akiigiza kwa namna ambayo sinema bubu ingeihitaji miaka michache baadaye.

4.0 Mhusika wa Mtu wa Nuksi

Mhusika aliyejengwa na Williams anaweza kuelezwa kwa Kiswahili kuwa ni mtu wa nuksi. Mvua ikinyesha humnyeshea yeye. Deni likidaiwa hudaiwa yeye, hata kama wakopaji walikuwa watatu. Tofauti yake na wahusika wa minstreli ni kwamba kicheko hakitokani na ujinga wake. Mtu wa nuksi wa Williams anaelewa vizuri yanayompata. Anaona jinsi ulimwengu ulivyopangwa dhidi yake, anatafakari, anajaribu tena, na anashindwa tena. Hadhira inacheka, lakini inajikuta ikimhurumia, na huruma hiyo ndiyo iliyokuwa ngeni katika burudani ya masizi.

Wimbo uliomtambulisha, Nobody, ambao muziki wake aliutunga mwenyewe na maneno yake yakaandikwa na Alex Rogers, ulifuata msimamo huo. Unamhusu mtu anayehesabu taabu zake na kuuliza ni nani aliyewahi kumfaa. Williams aliurekodi kwa kampuni ya Columbia mwaka 1906. Aliuimba kwa sauti ya kuvuta, nusu akiimba na nusu akizungumza, akiacha vituo virefu. Hadhira iliupenda kiasi kwamba kila alipopanda jukwaani ilimdai auimbe, mpaka ukawa mzigo kwake.

Katika makala aliyoyachapisha mwaka 1918 katika jarida la American Magazine, Williams alieleza kuwa kiini cha ucheshi ni taabu, na kwamba mtu huchekwa pale anapofikwa na mabaya ambayo watazamaji wanaweza kuyatambua katika maisha yao. Katika makala hayohayo alisema hajawahi kuona aibu yoyote katika kuwa mtu mweusi, ila ameona mara nyingi kwamba Marekani jambo hilo lina usumbufu. Utulivu wa kauli hiyo unalingana na mbinu yake ya jukwaani: shutuma kubwa inatolewa kwa sauti ya chini.

5.0 Ziegfeld Follies

Walker aliugua mwaka 1909 na kufariki Januari 1911. Williams alibaki peke yake, na kampuni yao kubwa ya watu weusi haikuweza kuendelea. Mwaka 1910 mzalishaji Florenz Ziegfeld alimwajiri katika maonyesho yake ya kila mwaka, Ziegfeld Follies. Inasimuliwa kwamba baadhi ya waigizaji weupe walitishia kuondoka, na Ziegfeld akawajibu kuwa kila mmoja wao angeweza kupata mbadala isipokuwa Williams. Aliendelea kuonekana katika maonyesho hayo, kwa vipindi, hadi mwaka 1919.

Nafasi hiyo ilikuwa na gharama. Inaelezwa kwamba Williams mwenyewe alitaka mkataba wake useme hatakuwa peke yake jukwaani na mwanamke mweupe, na kwamba hatasafiri na onyesho katika majimbo ya kusini. Masharti hayo yalikuwa kinga, kwa kuwa katika Marekani ya wakati ule uvumi mdogo ungeweza kuhatarisha maisha ya mtu mweusi. Aidha, katika tamthilia za Williams na Walker alikuwa amezungukwa na waigizaji, waimbaji na watunzi weusi. Katika Follies alikuwa mweusi pekee miongoni mwa nyota wa onyesho.

Hata katika mazingira hayo alipata upenyo. Mwaka 1911, pamoja na mchekeshaji mweupe Leon Errol, aliigiza mchukuzi wa mizigo anayemwongoza msafiri juu ya vyuma vya kituo cha reli kinachojengwa New York. Wamefungwa kamba moja, na msafiri anateleza mara kwa mara na kuokolewa na mchukuzi. Msafiri anapodhihirisha kwamba bakshishi yake ni senti tano tu, huduma inabadilika, na safari nyingine anapoanguka, kamba inaachiwa. Kwa kisingizio cha mzaha, hadhira ya Broadway ilionyeshwa mtu mweusi akiwa ameshika uhai wa mtu mweupe mkononi na kuukadiria kwa bei aliyolipwa.

6.0 Filamu Isiyokamilika ya 1913

Williams hakushiriki Follies ya mwaka 1913, na katika mwaka huo aliongoza waigizaji wengi weusi katika filamu iliyotayarishwa na kampuni ya Biograph kwa ushirikiano na Klaw na Erlanger. Filamu haikuhaririwa hadi mwisho wala kuonyeshwa. Mikanda yake ilibaki ghalani hadi mwaka 1939, ambapo Iris Barry, mtunzaji wa filamu katika Jumba la Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa la New York, aliokoa makopo yapatayo 900 ya kampuni ya Biograph. Ndani yake kulikuwa na mikanda saba ya picha ghafi za filamu hiyo. Kazi ya kuzitambua na kuzipanga ilichukua miongo mingi. Kwa kuwa hapakuwa na mswada wala maandishi ya skrini, wataalamu walitumia hata usomaji wa midomo ili kujua waigizaji walisema nini. Mwaka 2014 picha hizo zilionyeshwa hadharani kwa jina la Lime Kiln Club Field Day.

Hadithi yake ni nyepesi. Wanaume kadhaa wanamwania binti mmoja, anayeigizwa na Odessa Warren Grey, na hatimaye mhusika wa Williams anampata. Kuna gwaride, ngoma ya keki, na farasi wa bembea za mzunguko. Mambo matatu yanaifanya kazi hii iwe na uzito wa pekee.

Kwanza, Williams amejipaka masizi, lakini waigizaji wengine weusi wanaomzunguka wana nyuso zao za asili. Watunzaji wa filamu wametoa tafsiri kwamba kinyago cha mmoja kiliwapa wengine uhuru wa kutovaa kinyago: mzalishaji alipata alama aliyoizoea kwa Williams, na waigizaji waliobaki wakaonekana kama watu wa mjini, waliovaa vizuri na wenye starehe zao. Tafsiri hiyo inakubaliana na mwenendo wa kazi yake yote, ambapo aliubeba mzigo wa mtindo wa zamani ili jambo jipya lipite.

Pili, filamu ina onyesho la mapenzi linalomalizika kwa busu mlangoni. Katika burudani ya wakati ule, mapenzi ya watu weusi yaliruhusiwa kama kichekesho tu. Busu hilo halifanyiwi dhihaka. Lilipigwa picha miaka miwili kabla ya The Birth of a Nation ya mwaka 1915, filamu iliyoeneza kote nchini taswira ya mwanamume mweusi kama tishio.

Tatu, kwa sababu picha ni ghafi, zinaonyesha pia yaliyo kabla na baada ya uigizaji. Wasanii weusi na mafundi weupe wanaonekana pamoja katika mapumziko, na Williams anaonekana akiacha tabia ya mhusika wake na kurejea kuwa mtu makini anayeijua kazi yake. Filamu iliyohaririwa isingeyahifadhi hayo. Kutokamilika kulikomnyima Williams watazamaji mwaka 1913 ndiko kulikomhifadhia mtafiti wa leo ushahidi kwamba mhusika na mwigizaji walikuwa watu wawili.

7.0 Filamu za 1916

Mwaka 1916 Biograph ilitoa filamu mbili fupi za Williams, A Natural Born Gambler na Fish. Katika Fish, Williams, aliyekwisha kutimiza miaka arobaini, anaigiza mvulana anayetoroka kazi za nyumbani ili kuvua, kisha anahangaika kumtafuta mnunuzi wa samaki wake. A Natural Born Gambler, ambayo aliiongoza mwenyewe, inamhusu mcheza kamari ambaye pamoja na wenzake wa chama anakamatwa na polisi.

Mwisho wa A Natural Born Gambler umehifadhi onyesho alilokuwa akiliigiza jukwaani. Akiwa peke yake gerezani, anacheza karata zisizokuwepo na wachezaji wasiokuwepo. Anagawa karata, anachungulia zake, anaficha furaha, anaongeza dau, anamtilia shaka mchezaji wa upande wa pili, na mwishowe anashindwa. Hakuna kifaa hata kimoja anachokishika. Mtazamaji anawajua wachezaji wote na karata zao kwa macho na vidole vya mtu mmoja. Hata katika kamari ya kubuni, ambayo angeweza kujipa ushindi, mtu wa nuksi hajipi. Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Wepesi wa onyesho hilo ulitokana na miaka ya kupunguza kila kisichohitajika.

Hata hivyo, filamu hii imebeba pia picha za dharau kuhusu watu weusi na kamari. Ubora wa uigizaji hauziondoi. Kinachoonekana ni mvutano baina ya hadithi iliyojengwa kwa mtindo wa minstreli na mwigizaji ambaye uso wake unaeleza mengi kuliko hadithi hiyo inavyomruhusu.

8.0 Miaka ya Mwisho

Williams alitamani kuigiza tamthilia zisizo za kuchekesha, lakini nafasi hiyo hakuipata. Mwaka 1920, Charles Gilpin, mwigizaji mweusi, alipewa nafasi kuu katika The Emperor Jones ya Eugene O'Neill. Mlango ulianza kufunguka wakati afya ya Williams ikidhoofika. Mwishoni mwa Februari 1922, akiwa mgonjwa wa nimonia, alianguka jukwaani mjini Detroit katika onyesho la Under the Bamboo Tree. Watazamaji walicheka, wakidhani ni sehemu ya mchezo. Alirejeshwa New York, na akafariki tarehe 4 Machi 1922 akiwa na umri wa miaka 47. Mji aliousema kuwa ndimo alimojipaka masizi kwa mara ya kwanza ndimo alimoyapaka kwa mara ya mwisho.

9.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba masizi yalikuwa sharti ambalo Williams hakulichagua, na kwamba ndani ya sharti hilo aliunda mhusika anayeelewa, anayetafakari na anayeumia. Jukwaa lilimpa sauti na kituo; sinema bubu ilimwondolea sauti na kuthibitisha kwamba uso na mikono vilimtosha. Picha ghafi za mwaka 1913 zinaongeza jambo ambalo jukwaa lisingeweza kulihifadhi, yaani mwigizaji mwenyewe nje ya mhusika. Kicheko cha Detroit mwaka 1922 kinadhihirisha gharama ya kazi hiyo. Hadhira iliyofundishwa kwa miaka mingi kumcheka mtu aliyepakwa masizi haikuweza kutambua kwamba safari hii mtu huyo alikuwa anakufa. Kwa hiyo, tathmini ya Bert Williams haina budi kuyabeba mawili kwa pamoja: ustadi uliokigeuza kinyago kuwa na utu, na jamii iliyoendelea kukiona kinyago peke yake.